Trakisuti ya Idi kwa Vipande vya Leso

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya kufuturu, Tassia, Nairobi)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu mliojikusanya kule nyuma karibu na sinia la mahamri, nimeambiwa niseme machache juu ya mavazi ya Idi. Najua mnangoja kugombezwa juu ya suruali za kubana. Hiyo nawaachia masheikh. Mimi nimekuja na suruali mkononi, hii hapa, na nitawaambia ilivyoshonwa.

Mwaka jana kumi la mwisho lilituingilia nyumbani hamna hata shilingi ya nguo. Karo yangu ya chuo ilikuwa imemaliza kila kitu. Mimi ndiye mkubwa, na nina wadogo zangu wawili wa kiume, wakati ule mmoja ana miaka tisa na mwingine saba. Chumba chetu kimegawanywa kwa pazia, kwa hivyo siri hakuna. Usiku mmoja nikamsikia yule wa tisa akimpangia mwenzake kwamba siku ya Idi wajifanye wagonjwa, wakae ndani, ili watu wasiwaulize nguo mpya ziko wapi. Nguo zao nilikuwa nimezila mimi kwa karo. Wallahi sikupata usingizi.

Mamangu hushona madera. Chini ya cherehani yake kuna gunia la vipande, leso, vitenge, mabaki ya jora za Isili, rangi zote za dunia. Nikalimwaga sakafuni. Mama akauliza, "Utawavalisha watoto viraka siku ya Idi?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye, na nawapa nyinyi msije mkakwama kama mimi. Leso yenyewe ilizaliwa kwa kuungwa vipande. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani, Zanzibar na Mombasa, walinunua vitambaa vya mkono vilivyokuja kwa jora. Neno "leso" lilitoka kwa Wareno, kwa maana ya kitambaa hicho hicho. Badala ya kukatiwa kimoja kimoja, walikatiwa sita kwa pamoja, wakavigawa tatu na tatu, wakaziunga pande mbili kwa urefu, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Wenye maduka walipoona zinapendeza ndipo wakaagiza zichapishwe nzima nzima. Kule Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, ambalo leso zake tunazijua kwa jina la Mali ya Abdulla, limejenga jina lake juu ya nguo iliyoanza hivyo. Sasa nani ataniambia kuunga vipande ni aibu? Na Anas bin Malik amepokewa akisema alimwona Sayyidna Umar, naye ni Amiri wa Waumini, ana viraka vitatu katikati ya mabega.

Na nyinyi wavulana mnaocheka kuwa nimekaa kwenye cherehani: Bi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Tuendelee.

Kwanza fua vipande vyote, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Leso nyekundu huchuja, na ikichujia nyeupe hakuna dawa. Kisha piga pasi. Unga vipande kwanza mpaka upate kitambaa kikubwa, ndipo ukate. Ukikata kwanza halafu uunge, hutapata miguu inayolingana. Mishono ya ndani ipitishwe ovaloki. Kama huna, fundi wa jirani atakupitishia kwa pesa kidogo, kwa sababu vipande vidogo hufumuka haraka.

Kipimo nilikipata kwa trakisuti yao kuukuu. Igeuze ndani nje, ikunje mguu juu ya mguu, ilaze juu ya gazeti, chora pembeni yake. Ongeza sentimita 2 za mshono kila upande na sentimita 4 juu za kupitishia lastiki. Hapa ndipo nilipoharibu. Kitambaa cha trakisuti ya dukani huvutika. Leso haivutiki hata kidogo. Mimi sikuongeza upana. Mdogo wangu akaijaribu, akachuchumaa, tukasikia praa! Kwa hivyo ongeza sentimita nyingine 3 kila upande penye nyonga, na sehemu ya nyuma iwe juu kuliko ya mbele kwa sentimita 3 hivi. Mtoto atarukuu na kusujudu na hiyo suruali, na nyuma isipotosha itashuka. Ukimaliza mguu mmoja, pindua gazeti ndipo ukate wa pili, la sivyo utapata miguu miwili ya kushoto.

Lastiki ikatwe pungufu ya kiuno kwa sentimita 5, ipitishwe kwa pini. Miguuni na mikononi nilitia mikono ya sweta kuukuu la shule, ile sehemu inayobana. Pindo la leso, ule ukingo wenye maua, nilikata ukanda mrefu nikaushona ubavuni kama mstari wa trakisuti za wachezaji. Hapo ndipo palipopendeza kuliko pote. Koti la juu lazima liwe na zipu au mpasuo mbele, maana shingo ya leso haivutiki na kichwa hakitapita.

Gharama yangu ilikuwa uzi, lastiki na zipu mbili, basi.

Usiku wa pili, karibu na daku, nimemaliza suruali ya yule mkubwa, nikaiinua kwenye taa. Jina la leso, maneno ya kumsuta jirani, limekaa sawasawa kwenye makalio, herufi kubwa nyeusi, mtu wa nyuma anasoma bila miwani! Nikakaa chini na wembe kufumua, na macho yananiwasha. Mama akaamka kupasha daku, akasoma, akacheka mpaka akakaa. Kisha akaninyang'anya ile suruali, akafumua mwenyewe, akaweka kipande cha kitenge cha buluu mahali pale. Hakusema tena neno viraka. Usiku uliofuata ndiye aliyeshona mikono.

Siku ya Idi walikuwa wa kwanza mlangoni. Rangi zao ungeziona kutoka Outer Ring. Walipoulizwa zimenunuliwa wapi, yule mdogo akasema, "Kaka ameshona." Yule mkubwa akasema, "Dubai." Tumeshazungumza naye juu ya uongo.

Mishono yangu imepinda, mnaiona hapa. Mmoja umekwenda kama matatu ya Pipeline wakati wa mvua. Lakini imefuliwa mwaka mzima na haijafumuka, na mwaka huu ameirithi mdogo.

Mama ametoa ruhusa ya cherehani kila baada ya taraweh, kuanzia kesho mpaka usiku wa ishirini na saba. Leteni vipande vilivyokwisha kufuliwa, gazeti, na suruali kuukuu inayomkaa mtoto vizuri. Na mkasi kila mtu aje na wake wa kukatia karatasi. Ule wa mama ni wa kitambaa tu, na mimi sitakuwa na uwezo wa kumtetea atakayeugusa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.