LETE CHOMBO, KAA UJIFUNZE

(Maneno ya kamati kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Ndugu wanaushirika,

Tunataka kuzungumza juu ya siku ya kutengeneza vyombo, Jumamosi ijayo, hapa hapa kwenye ghala la kahawa. Wengi mmeuliza hii ni siku ya nini. Mafundi wetu nao wamenung'unika, na wana haki. Basi tuelezane.

Tazameni majumbani mwetu. Redio imenyamaza kwa sababu ya kutu kwenye sehemu ya betri. Chemli haina utambi. Taa ya sola waya umekatika. Jembe limechomoka mpini, limesimamishwa nyuma ya nyumba. Kila kimoja ni kitu kidogo, lakini ukivijumlisha ni pesa ya kahawa imelala bure. Ukisema upeleke redio Muleba au Bukoba mjini, nauli ya kwenda na kurudi inashinda kazi yenyewe. Basi unaiacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini siku hiyo si ya kutua mzigo mezani na kwenda zako. Mwenye chombo atakaa na anayekitengeneza, ashike bisibisi mwenyewe, aone. Hapo ndipo penye faida. Chombo kitaharibika tena, ila ujuzi ukiingia nyumbani umeingia.

Sisi watu wa huku tunajua hasara ya kuacha ujuzi ufe. Pale Katuruka, Maruku, wataalamu wamechimba mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kazi hiyo ilirithiwa kizazi kwa kizazi, mpaka majembe ya dukani yalipoenea, tanuru zikazimika. Mwaka 1976 mtafiti Peter Schmidt na wenzake waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya ujanani wajenge tanuru tena. Wazee wakakumbuka, na chuma kikapatikana. Sasa jiulizeni: wazee wale wangekuwa wameshakufa, nani angeonyesha?

Na wenzetu wa mbali wameliona hilo. Mwaka 2009 mjini Amsterdam, Uholanzi, mwandishi wa habari Martine Postma alianzisha mikutano ya namna hii hii. Wenye ujuzi wanajitolea, mwenye chombo anakaa nao. Leo inafanyika nchi nyingi. Ikiwa watu wenye maduka kila kona wameona faida, sisi je?

Sasa tuje kwa mafundi. Mmesema, "Mkitengeneza bure, sisi tule nini?" Swali ni la haki. Msaragambo haukuletwa ili kumnyang'anya mtu riziki. Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi:

1. Siku hiyo ni ya mambo madogo: mpini, utambi, waya, pancha, kitasa, mguu wa kiti, mshono. Kazi kubwa itaandikwa na kupelekwa kwa fundi wa kijijini, kwa malipo yake ya kawaida.

2. Fundi atakayekuja kufundisha atalipwa posho kutoka mfuko wa chama. Wanaojitolea bure ni sisi wengine: wenye kushika taa, kupiga msasa, kuandika, kuchemsha chai.

3. Spea ananunua mwenye chombo.

4. Kila chombo kitaandikwa jina la mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisichotengenezeka kitarudishwa na skrubu zake zote, na mwenyewe ataambiwa wazi.

5. Sufuria ya kupikia isizibwe tundu kwa risasi ya kulehemia. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Betri ya simu au ya taa ikivimba, msiitoboe wala kuitupa motoni. Yaweza kulipuka.

Akina mama, msidhani hii ni shughuli ya wanaume. Anayejua cherehani, anayejua kusuka mkeka uliofumuka, huyo naye ni fundi, na atakaa mezani kama wengine. Vijana, njooni mapema. Mzee anayejua kuchonga mpini usiochubua mkono tunaye leo. Tusingoje mpaka tumsifu matangani.

Tunahitaji meza, nyundo, koleo, msasa na watu kumi wa kujitolea. Jina lako liandike chini ya karatasi hii. Usiyejua kuandika, mwambie katibu.

Ghala litafunguliwa saa mbili asubuhi. Mvua ikinyesha, kazi iko pale pale. Bati halivuji, tulilitengeneza wenyewe.

Ushirika oyee!

Kwa niaba ya wanachama,
Kamati