MZIGO WA MWENZIO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kericho)



Sisi wa reli tumeombwa kusema machache juu ya watu wa vita ambao hawakusifiwa. Kila mtu amesikia habari za K.A.R., maaskari wenye bunduki. Lakini askari hali bunduki. Hula unga, hunywa maji, na risasi zake haziji zenyewe. Je, nani alimpelekea?

Katika vita vya 1914 mpaka 1918 walipeleka wapagazi wa Carrier Corps. Mwaka 1917 walikamatwa kwa wingi vijijini, wakabeba mizigo kichwani mpaka nchi ambayo leo ni Tanzania. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Jina lao limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Lakini majina ya wengi hayakuandikwa sawasawa, na mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia jamaa zao.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, vikosi vya Paionia viliundwa, na baadaye kikosi cha kazi kilichoitwa East African Military Labour Service. Kuanzia 1941 maelfu walivuka bahari kwenda Misri na nchi jirani. Huko walipakua meli, wakatengeneza barabara, wakajenga kambi na kulinda mabohari. Madereva wa East African Army Service Corps nao waliendesha malori ya chakula, petroli na risasi.

Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikwenda Ceylon, na mwaka 1944 ikaingia Burma. Katika bonde la Kabaw mvua ilinyesha mpaka malori yakazama matopeni. Chakula kikaangushwa kwa ndege, na watu wa kazi wakakibeba kichwani, kama baba zao mwaka 1917. Desemba 1944 daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100 lilitandazwa juu ya mto Chindwin, pale Kalewa, na jeshi likavuka.

Na malipo? Mtu wa kazi alilipwa chini ya askari wa K.A.R., naye askari wa K.A.R. chini ya Mzungu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini waliorudi hawakurudi vile vile. Bildad Kaggia alikuwa karani wa jeshi, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Aliporudi aliongoza chama cha makarani, na mwaka 1952 alikamatwa pamoja na Kenyatta, wakahukumiwa Kapenguria.

Ndugu zangu, kwa nini tunayasema haya hapa katika nchi ya chai? Kwa sababu sisi pia ni watu wa mizigo. Majani yanachumwa Kericho na Bomet, lakini hayafiki Mombasa kwa miguu yake. Mwenzetu mmoja, kibarua wa kupakia, aliangukiwa na mzigo akavunjika mkono. Tulipokwenda kumdai haki yake, tuliambiwa jina lake halimo katika daftari la siku ile. Tulisimama pale kimya, hatuna karatasi hata moja. Mpaka leo mkono ule haunyooki, na hakupata hata senti.

Basi twawaombeni mambo mawili. Kwanza, kila tawi liwe na daftari lake, na kila kibarua aandikwe kabla hajagusa mzigo: jina, siku, na kazi. Pili, mwenye babu aliyekwenda Misri au Burma atuletee jina lake, na cheti chake kama kipo, tuliandike papo hapo.

Mpagazi wa 1917 alibeba mzigo wake mpaka mwisho. Kilichomkosesha haki yake ni mstari mmoja wa wino. Mstari huo sisi tunaweza kuuandika. Daftari liko mezani, na kalamu ipo.