Mnyororo Haukukatwa kwa Sahihi Moja



Katika makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, Bagamoyo, imehifadhiwa minyororo waliyofungwa watumwa. Mgeni huitazama, hukumbuka kuwa biashara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1873, akaenda zake ameridhika. Hapo ndipo penye kasoro.

Ni kweli kwamba tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya Waingereza kutishia kukizingira kisiwa chake kwa manowari. Lakini mkataba ule ulihusu masoko na usafirishaji wa watu baharini. Haukumwachia huru mtumwa aliyekuwa akilima shamba la bwana wake Unyanyembe. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyamwezi. Watu waliotekwa Manyema waliendelea kuletwa, na wengine walibakizwa humu humu kulima, ilhali vijana wa Kinyamwezi wamekwenda pwani na mizigo. (Wapagazi hao, yafaa wanafunzi waambiwe, wengi wao walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Si kila aliyebeba pembe ya ndovu alikuwa mtumwa.)

Wajerumani nao hawakuufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru, na mara nyingi mtumwa alilazimika kujikomboa kwa fedha yake mwenyewe. Kisha wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Mama zao wakaachwa vile vile. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, utumwa ungali halali. Sheria iliyoufuta katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, yaani miaka 49 baada ya sahihi ya Barghash.

Huko Marekani, Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi Sheria ya Haki za Raia tarehe 2 Julai, 1964, alitumia kalamu nyingi na kuzigawa kama kumbukumbu. Moja alipewa Martin Luther King. Kalamu ya namna hiyo humtukuza zaidi mtia sahihi. Minyororo ya Bagamoyo yahusu waliofungwa, na tarehe yao ni 1922.

Basi, wanafunzi wanapopelekwa Kwihara kuiona nyumba waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, hapana budi waulizwe pia: chakula kilicholiwa nyumbani mle kililimwa na nani?