Kabla Hujasema "Ni Kweli": Mazungumzo juu ya Pombe, Barabara na Korti

(Mazungumzo tuliyotoa Gachoka kwa vijana wa boda boda, madereva na familia zao)

 

Tumeombwa tuseme juu ya jambo linaloleta maneno mengi pale stejini. Ukishikwa usiku kwa kuendesha ukiwa mlevi, unaweza kupinga kesi hiyo? Wako wanaosema Alcoblow ilikufa kortini, kwa hivyo kunywa uende zako. Wengine wanasema afande akishakuandika umekwisha, kubali tu, ulipe faini urudi nyumbani. Sisi tunaona pande zote mbili zimekosea, na kosa hili limewagharimu watu pikipiki na hata shamba.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 44, inasema ni kosa kuendesha, kujaribu kuendesha, au kuwa na gari mikononi mwako barabarani ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulitawala sawasawa. Hiyo ni pombe na hata dawa za kulevya. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Na wewe wa pikipiki usijidanganye, mbele ya sheria hiyo nayo ni gari.

Sasa angalieni vizuri. Kifungu hicho hakitaji chupa ngapi. Kinauliza kama uliweza kulitawala gari.

Mwaka 2011 serikali ilitunga kanuni za kipimo cha pumzi. Kanuni zikaweka mpaka: mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Desemba 2013 vifaa vikaanza kuonekana barabarani, na watu wakaanza kulala seli kwa sababu ya namba tu. Watu wawili wakaenda kortini, mmoja wao mwenye baa. (Msicheke. Hata mwenye baa ana haki ya kuuliza sheria iko wapi.) Mahakama Kuu haikuwakubalia, lakini Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana nao. Sababu yake ni rahisi kueleza: Bunge lilisema kosa ni kushindwa kutawala gari, na kanuni zikasema kosa ni kupita namba. Kanuni ni mtoto wa sheria, na mtoto hawezi kuunda kosa ambalo mzazi hakuliunda. Kule England namba hizo hizo zina nguvu kwa sababu Bunge lao liliruhusu kosa la kupita kiwango katika sheria yenyewe, mwaka 1967.

Hapo ndipo wengi walipoelewa vibaya. Mahakama haikusema mlevi aendeshe. Kifungu cha 44 kilibaki vile vile, na nguvu ya polisi kusimamisha gari ilibaki. Desemba 2023 polisi na NTSA walirudisha kifaa barabarani, na mwaka 2025 Wizara ya Uchukuzi ilileta rasimu ya kanuni mpya za ulevi barabarani ili wananchi watoe maoni. Kwa hivyo ukisimamishwa, simama. Zima pikipiki. Usibishane na askari saa nne ya usiku, maana ubishi wako ndio utakaosomwa kortini kuwa dalili ya ulevi.

Mahali pa kubishana ni kortini, Siakago au Embu, na ubishi huo unaanza na karatasi ya mashtaka. Karani akisoma, vijana wengi hujibu "ni kweli" kwa sababu wamechoka na seli na wanataka kwenda. Tunawasihi, sikilizeni kwanza. Kama husikii Kiingereza wala Kiswahili vizuri, Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inakupa mkalimani bila malipo. Hicho hicho kinakupa haki ya kujua mapema ushahidi ulio dhidi yako, na ya kuhesabiwa huna hatia mpaka ithibitishwe.

Basi uliza. Askari aliona nini? Uliyumba? Ulipita upande usio wako, au ulikuwa umesimama tu? Kama walitumia kifaa cha pumzi, walikupima mara baada ya kumeza? Pombe iliyo bado mdomoni hupandisha namba, ndiyo maana wataalamu husubiri kama dakika 15. Kama ni damu, ilitolewa saa ngapi, na nani? Alipangusa ngozi kwa pamba ya spiriti? Chupa iliandikwa jina lako hapo hapo, au baadaye mezani? Damu ikikaa bila dawa ya kuihifadhi inaweza kuchacha yenyewe, na safari ya kutoka huku mpaka kwa Mkemia wa Serikali Nairobi si fupi. Daktari aliyekuangalia aje aseme alichoona.

Lakini tuseme ukweli. Kama uliyumba mbele ya watu watatu na ukaangusha abiria, maswali haya hayatakuokoa, na sisi hatutasikitika. Abiria akifa, shtaka ni lingine kabisa, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Maswali haya ni ya yule ambaye hakutenda kosa, au ambaye hakuna aliyeweza kulithibitisha.

Mama mmoja ametuuliza: kijana akishikwa Ijumaa usiku, nifanye nini? Nenda kituoni, uulize namba ya OB na sababu ya kushikwa. Kwa kawaida anatakiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, itakuwa siku ya kwanza ya korti. Kabla ya hapo polisi wanaweza kumwachilia kwa dhamana. Bondi yenyewe haiuzwi. Ukitoa pesa taslimu za dhamana, dai risiti, na risiti iandikwe jina la aliyetoa pesa, si la kijana. Kijana akihudhuria kesi yake mpaka mwisho, pesa hizo hurudi kwa mwenye jina hilo.