Mto Ndio Mwenye Pwani
Mhadhara wa umma uliosomwa mbele ya Waswahili wa Alief, Houston



Rai iliyonisimamisha mbele yenu ni mashuhuri, nami huisikia hapa Alief kama nilivyokuwa nikiisikia Dar es Salaam: kwamba bahari ndiyo mla nchi, kwamba ufuo ukipungua sababu yake itafutwe katika mawimbi peke yake, na kwamba mtu akaaye bara hana dhima yoyote katika jambo hilo. Sitakawia juu ya yale ayajuayo kila mwanafunzi wa jiografia, yaani namna jua, mvua na mizizi ipasuavyo mwamba, na namna maji yachukuavyo vipande vyake hadi nguvu zao ziishapo, yakavitua. Nia yangu ni kuibomoa rai hiyo, kwani imewafanya watu wenye akili timamu kujenga kuta za zege mbele ya bahari, hali ugonjwa wenyewe uko mtoni.

Natuanze na ushahidi wa nyumbani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ufuo umekuwa ukirudi nyuma kwa miongo mingi, hata majengo ya hoteli yakabomoka. Na Malindi, katika pwani ya Kenya, ufuo umesonga mbele kuelekea majini. Pwani zote mbili zimo katika bahari moja, hupigwa na kusi na kaskazi zilezile, na bamvua lao hufuata mwezi uleule. Basi ikiwa bahari ndiyo sababu peke yake, kwa hoja gani itakula huku na kulisha kule? Tafauti imo mitoni. Sabaki, ambao juu huitwa Athi na kisha Galana, huteremka kutoka nyanda za juu za Kenya na shehena kubwa ya mchanga na tope. Ilhali vijito vya upande wa Kunduchi, kama Tegeta na Mbezi, vimechimbwa mchanga kwa ujenzi wa jiji, na kile kilichokuwa riziki ya ufuo kimeishia katika matofali ya saruji.

Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mvuvi wa Malindi, alipenda kutuonesha pahali pakavu penye majani, akatuambia kuwa hapo ndipo alipokuwa akifunga dau lake katika ujana wake. Na tulipomwuliza maji yamekwenda wapi, alinyoosha mkono, si upande wa bahari, bali upande wa mlango wa Sabaki. Elimu imemsadiki. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya karibu miaka 300, nao wakaona kwamba bariamu, madini yaletwayo na udongo wa mto, iliongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, zama ambazo ardhi ya juu ilifyekwa na kulimwa kuliko kwanza. Kwa insafu niseme pia kwamba tope hilohilo lenye kupanua ufuo hudhuru matumbawe, na kwamba mto uliozidishiwa mzigo si neema tupu.

Lakini mwalimu wangu mkubwa katika bahthi hii si wa zama zetu. Ni Abu Rayhan al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm mwaka 973, ambaye katika kitabu chake juu ya Bara Hindi, alichokiandika yapata mwaka 1030, aliyatazama mawe ya mito kwa jicho lisilo na haraka. Aliona kuwa karibu na milima, maji yaendako kwa kishindo, mawe ni makubwa; kadiri mtu ashukavyo na maji yapoavyo, mawe hupungua ukubwa; na karibu na bahari, maji yakaribiapo kusimama, hayabaki ila mchanga. Kutokana na utaratibu huo akahukumu kwamba tambarare za Hindi zilikuwa bahari, zikajazwa kidogo kidogo na mito. Tazameni uzuri wa istidlali hiyo! Hakuwa na darubini wala maabara. Alikuwa na mawe, umbali na akili, navyo vikamtosha kusoma historia ya nchi nzima. Kila nirudipo kwenye maneno yake huona haya kwa ajili ya sisi wenye vyombo vingi na subira chache.

Na kanuni yake iko chini ya miguu yenu. Alief iko takriban mita 25 tu juu ya bahari, na ukichimba shimo uani kwako aghalabu hutakuta jiwe, bali udongo mzito ambao wanajiolojia huuita wa Beaumont, uliotuliwa hapa na mito, Brazos na mingineyo, katika zama za barafu. Ndio udongo huo ufurao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa ukame, milango ikakataa kufunga na misingi ikafanya nyufa. Nyumba zenu zimejengwa juu ya kazi ya mto.

Anayetaka jaribio kubwa kuliko la maabara, na aende Freeport. Mwaka 1929 wahandisi waliuhamisha mlango wa Brazos kwa takriban kilomita 10 kuelekea kusini-magharibi, ili bandari isizibwe na mashapo. Bahari haikuhama, wala upepo. Delta ya kale ikaanza kumomonyoka, na kwenye mlango mpya ikazaliwa delta nyingine. Baadaye yakaja mabwawa, kama Possum Kingdom la mwaka 1941 na Whitney la mwaka 1951, yakazuia sehemu ya mchanga huko juu.

Wapinzani wangu watanionesha mji wa Galveston, nami sitawanyima haki yao. Tufani ya Septemba 8, 1900 iliua watu zaidi ya 6,000, na ukuta ulioanzwa mwaka 1902 umeulinda mji huo kwa kweli. Nakiri kwamba kina cha bahari chapanda. Nakiri kwamba ardhi ya eneo hili imezama kwa kuvutwa maji yaliyo chini yake. Walakini ukuta hauzai mchanga: ufuo ulio mbele yake ulipungua, hata ikalazimu kuumwagia mchanga ulioletwa kutoka kwingine. Bahari hutumia, mto ndio utoao. Anayehesabu matumizi na kuyaacha mapato hajafanya hisabati, na baada ya kupima yote hayo ningali nashikilia kwamba hakuna pwani ya mchanga, iliyolishwa na mto, itakayosalimika ikiwa mto wake umenyang'anywa.

Basi dhima yetu ni ipi? Wengi wenu, mkiwa hapa Alief, mwajenga Kigamboni, Bagamoyo na Mombasa kwa fedha mzipelekazo kila mwezi. Mwauliza bei ya saruji, nondo na mabati, lakini ni nadra kuuliza lori la mchanga limetoka wapi. Liulizeni. Mwambieni fundi kwamba hamtaki mchanga wa mtoni wala wa ufuoni, mlipe zaidi kwa ule wa machimbo yaliyoruhusiwa, na mzidai serikali zetu ziuhesabu mchanga wa mito kama zinavyohesabu samaki na mbao. Hilo litailinda pwani yetu kuliko ukuta wowote.