Tukeshe Tukiimba, Tusihesabu Tarehe

Neno la mgeni mwalikwa katika ibada ya shukrani ya jubilei ya miaka 50 ya kwaya

 

Nimepewa mada nzito siku ya furaha. Nimeambiwa niseme juu ya ishara za nyakati. Lakini nikiwaangalia naona mada hii ni ya kwaya hasa. Kwa miaka 50 mmeimba juu ya parapanda, juu ya mawingu, juu ya mji usio na kilio. Mmeimba harusini na matangani. Basi mtu akiwauliza, "Hayo mnayoyaimba yanakuja lini?" ninyi ndio wa kwanza kudaiwa jibu.

Na watu wanauliza. Mwishoni mwa 2019 nzige waliingia nchini mwetu, wengi kuliko walivyoonekana kwa miongo mingi. Hatujamaliza kuwafukuza, Machi 2020 korona ikafika, milango ya makanisa ikafungwa. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na hapa kwetu bei ya unga wa ngano na mbolea ikapanda. Oktoba 2023 vita vikalipuka Israeli na Gaza. Juni 2025 Israeli na Iran zikarushiana makombora siku 12. Kila jambo linapotokea, simu zetu hujaa video: huyu asema ni Gogu na Magogu, yule asema ni farasi mwekundu, mwingine asema alama ya mnyama imeshafika na iko kwenye kitambulisho.

Wapendwa, barabara hii ina mitaro miwili. Mtaro wa kwanza ni wa wenye dhihaka. Hao husema vita vilikuwepo tangu zamani na Bwana harudi. Mtume Petro aliwataja katika waraka wake wa pili, sura ya 3. Sisi si wa huko. Tunakiri kila Jumapili kwamba atakuja tena, na tunamaanisha. Mtaro wa pili ni wa wenye kuhesabu. Hao wana penseli, kalenda na magazeti, na hawalali mpaka wapate tarehe. Mtaro huo nao umemeza wengi, na kwa kuwa huwanasa zaidi watu wenye bidii kuliko wavivu, ndio nitakaoukazia leo.

Huko Marekani alikuwako mkulima Mbaptisti aliyeitwa William Miller. Alisoma Danieli 8:14, akageuza siku 2300 kuwa miaka, akajumlisha. Hesabu zake na za wafuasi wake zikafikia 22 Oktoba 1844. Maelfu walingoja. Wengine waliacha mazao shambani bila kuyavuna, maana ya nini kuvuna viazi na Bwana yuaja? Asubuhi ya tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida, na watu wakalia kama waliofiwa.

Mwaka wa 1970, Mmarekani mwingine, Hal Lindsey, alitoa kitabu kilichonunuliwa kwa mamilioni. Alifundisha kwamba Gogu ni Urusi ya Kisovieti, na kwamba zile pembe kumi za mnyama zinaelekea kutimia katika Soko la Pamoja la Ulaya. Tarehe 1 Januari 1981 Ugiriki ikajiunga, nchi zikawa kumi kamili. Wako waliosema, "Sasa imetimia!" Mwaka wa 1986 Hispania na Ureno zikaingia, zikawa 12. Leo Umoja wa Ulaya una nchi 27. Na ule Umoja wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991. Je, Neno la Mungu lilikosea? Hasha. Waliokosea ni wale waliolishonea Neno kanzu ya habari za siku ile, na habari zilipobadilika kanzu ikapasuka.

Juzi tu, mhubiri wa redio Harold Camping alitangaza 21 Mei 2011. Mabango yakawekwa katika nchi nyingi. Wako waliotumia akiba yao yote kuyalipia. Siku ikapita, akaisogeza hadi 21 Oktoba. Nayo ikapita. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliandika kwamba kutafuta tarehe kulikuwa dhambi.

Mtu atasema, "Hao ni Wazungu." Haya, tuje nyumbani. Jirani zetu wa Uganda hawajasahau Kanungu. Kikundi kimoja kilikuwa kimefundisha kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 jengo lao la ibada liliteketea na mamia ya watu wakiwa ndani. Na sisi Wakenya tunayo Shakahola. Aprili 2023, katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, serikali ilianza kufukua makaburi. Miili iliyotolewa ilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Watu hao walikuwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu.

Ndugu zangu, waliokwenda msituni si watu waliomchukia Mungu. Walikuwa watu wa maombi na wa Biblia. Walianza mahali ambapo mtu yeyote hapa anaweza kuanzia: dunia imeharibika, Bwana yu karibu. Hapo hakuna kosa. Kosa lilianza pale mtu mmoja alipojifanya ndiye mwenye ufunguo wa saa, na wengine wakamkabidhi akili zao, vyeti vyao na hatimaye watoto wao. Ndiyo maana sisemi jambo hili kama hadithi ya ajabu. Mafundisho ya siku za mwisho yakipinda, yanaua.

Sasa tumsikilize Bwana mwenyewe. Katika Mathayo 24 wanafunzi walimwuliza hekalu litabomolewa lini, na dalili ya kuja kwake ni nini. Angalieni alivyoanza kujibu. Hakuanza na vita wala tetemeko. Alianza kwa kuwaonya wasidanganywe na mtu. Onyo limetangulia ishara. Kisha akataja vita, njaa na matetemeko, akawaambia wasiwe na hofu, kwa sababu hayo ni mwanzo tu, kama utungu wa mama mjamzito. Na katika mstari wa 36 akafunga mlango wa hesabu: siku ile na saa ile aijuaye ni Baba peke yake.

Mama zetu wanaelewa habari ya utungu. Utungu ukianza, kila mtu nyumbani anajua mtoto yuaja. Lakini mkunga mwenye busara hatoki nje kuutangazia mtaa dakika ya kuzaliwa. Huchemsha maji, huandaa nguo safi, humshika mama mkono na kumtia moyo. Habari za vita na njaa zikitufikia, kazi yetu ni ya mkunga. Hatukupewa kazi ya mpiga ramli.

Tena, msiishie sura ya 24. Yesu hakunyamaza hapo; sura ya 25 inaendelea na mazungumzo yale yale. Aliulizwa "lini?" naye akajibu kwa habari tatu: wanawali na mafuta ya taa, watumishi na talanta, kondoo na mbuzi. Katika ile ya mwisho Mfalme haulizi nani aliyemtambua mpinga Kristo mapema. Anauliza nani aliyemlisha mwenye njaa, aliyemvika aliye uchi, aliyemtembelea mgonjwa na mfungwa. Huo ndio mtihani, na maswali yameshavuja! Hatuna kisingizio cha kuanguka.

Nanyi kwaya, nina neno lenu katika Ufunuo. Yohana alikiandika kitabu hicho akiwa Patmo, akiwaandikia makanisa saba ya Asia: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Yalikuwa makanisa kama letu, yenye watu wenye majina, madeni na hofu, yakiishi chini ya utawala wa Rumi. Waliposomewa habari za mnyama walimwelewa vizuri, maana ngumi yake waliijua. Na ili wasikate tamaa, Yohana aliwapa nini? Aliwapa nyimbo. Fungueni sura ya 4, ya 5, ya 7, ya 11, ya 14, ya 15, ya 19: kila tukikaribia giza, kwaya ya mbinguni inasimama. Ile "Haleluya" ya Handel, iliyosikika hadharani kwa mara ya kwanza Dublin mwaka wa 1742 na ambayo kwaya za Kenya hupenda kuiimba Krismasi na Pasaka, imechukua maneno yake humo humo, sura ya 11 na ya 19. Kitabu ambacho wengine wamekifanya cha kutishia watoto, Mungu alikitoa kiwe kitabu cha nyimbo kwa watu wanaoteswa.

Basi video nyingine ikiingia kesho katika kundi la kwaya, kabla hujaisambaza, iulize maswali manne.

La kwanza: inataja tarehe? Ikiwa inataja, imevuka mpaka aliouweka Yesu. Ifute.

La pili: inataka nini mkononi mwako? Anayesema dunia inakwisha mwezi ujao halafu anataka hati ya shamba lako, mwulize yeye atalilima lini.

La tatu: inakutenga na nani? Ikikuambia uache hospitali, umtoe mtoto shuleni, usisemezane na mzazi wako wala mchungaji wako, kimbia. Waliokuwa uhamishoni Babeli walidanganywa na manabii wa uongo. Yeremia, katika sura ya 29, akawaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule waliomo. Paulo naye aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi na kukaa bure. Anayemngoja Bwana kweli hulipa karo.

La nne: inakufundisha kumchukia nani? Vita vya Gaza tumevitazama kama mpira, kila mtu na timu yake. Lakini tarehe 7 Oktoba 2023 miongoni mwa waliouawa walikuwemo vijana wawili Watanzania, waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Na mwezi huo huo, katika mji wa Gaza, jengo lililo katika uwanja wa kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porfiri lilipigwa, nalo lilikuwa limejaa watu waliokimbilia humo. Pande zote mbili kuna mama anayelia. Unabii unaokuondolea machozi ya jirani haukutoka kwa yule aliyeulilia mji wa Yerusalemu.

Wanakwaya, nimalizie. Neno jubilei tumelipata katika Walawi 25: baragumu inapigwa, mtumwa anaachiliwa, shamba linarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo baragumu katika Biblia ni habari njema kwa aliyefungwa, nanyi mkiimba parapanda, iimbeni hivyo. Soprano zisiwe za kutisha, besi zisiwe za kuhukumu. Yule mama aliyepoteza mtoto katika mafuriko, yule kijana aliyekosa kazi miaka mitano, akiwasikia aseme, "Kumbe kuna anayekuja kunichukulia hatua!"

Na kwa wazee wa kanisa ombi langu ni dogo. Fundisheni Ufunuo. Fundisheni katika vikundi vya vijana, katika ushirika wa nyumbani, hata katika mazoezi ya kwaya. Tukilinyamazia fundisho hili mimbarini, watu wetu watafundishwa na simu usiku, au na mtu wa msituni.

Bwana yuaja. Lini, sijui, wala ninyi hamjui, na atakayewaambia anajua msimfuate. Akija asubuhi atukute kazini. Akija jioni ya Jumamosi awakute hapa mazoezini, kila sauti mahali pake, na wageni wa mlangoni wamekaribishwa.

Hongereni kwa miaka 50. Mungu awape mingine, hadi wimbo huu uungane na ule wa juu. Amina.