Mkate kwa Mshindi Aliyechoka

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Asiye nayo na asikilize tu, maana habari yenyewe tutaisimulia pole pole.

Lakini kabla ya kumfikia nabii Eliya, tunataka kuwapeleka mahali ambapo wengi wetu hatujapata kukanyaga, yaani uwanja wa barafu. Sisi huku barafu tunaiona kwa mbali juu ya kilele cha Kirinyaga, ama ndani ya friji. Katika nchi za baridi watu hugandisha maji ndani ya jumba kubwa mpaka yawe uwanja laini kama kioo. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, wakateleza juu ya barafu hiyo kwa kufuata muziki. Mchezaji huruka, akazunguka hewani mara tatu, na wengine hata mara nne, kisha hushukia mguu mmoja juu ya kile chuma. Mchezo mrefu wa wanawake huchukua kama dakika 4 tu, lakini nyuma ya dakika hizo kuna miaka mingi ya kuamka alfajiri na kuanguka. Akiisha kucheza, huketi kwenye benchi pamoja na kocha wake kungojea alama za waamuzi, na kamera imemwelekea usoni. Wenyewe wamelipa benchi hilo jina, wanaliita mahali pa kubusiana na kulia.

Jambo la kutufikirisha ni hili, kwamba wengi wa washindi hao ni watoto. Sonja Henie wa Norway alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1928 akiwa na miaka 15. Tara Lipinski wa Marekani aliipata mwaka 1998, naye alikuwa na miaka 15. Alina Zagitova wa Urusi aliipata mwaka 2018 akiwa na miaka 15 vile vile. Sababu mojawapo si ngumu kuelewa: mwili mdogo na mwepesi huzunguka upesi hewani. Ukianza kurefuka na kunenepa kama Mungu alivyoupanga, binti aliyeruka vizuri mwaka jana hujikuta hana budi kujifunza upya, na huku dunia yote inamngojea afanye kama jana. Sisi nyumbani mtoto akikua tunafurahi na kumnunulia nguo kubwa zaidi. Kwa binti huyu, kukua huwa kama adui abishaye hodi mlangoni.

Hebu tumwangalie mmoja wao. Oksana Baiul alizaliwa Ukraine. Baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa mdogo sana, na mama yake alikufa kwa kansa mwaka 1991, wakati binti ana miaka 13. Kisha kocha aliyemfundisha alihamia Kanada. Mama mmoja, kocha mwingine, akamchukua na kumtunza. Mwaka 1993 Oksana akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 15. Mwaka 1994, katika Olimpiki ya Lillehammer, nchi ya Norway, aligongana na mwenzake katika mazoezi, mguu wake ukashonwa, na siku ya pili akaingia uwanjani na maumivu yake, akashinda. Hiyo ndiyo nishani ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki ambayo Ukraine iliipata tangu kuwa nchi huru. Alikuwa na miaka 16.

Baada ya hapo alikwenda kuishi Marekani. Fedha zikaja, na makofi yakaja. Mwezi wa Januari 1997, miaka mitatu tu tangu siku ile ya dhahabu, alipata ajali ya gari akiwa amelewa. Alikuwa na miaka 19. Mwaka uliofuata aliingia mahali pa kutibiwa ulevi, na tunamshukuru Mungu kwamba alitoka katika kifungo hicho. Hatusemi habari hii ili kumhukumu. Yeye mwenyewe ameieleza mbele za watu bila kuficha. Tunaisema kwa sababu watu walimwona akiwa juu ya jukwaa la washindi, wakafikiri kwamba msichana huyu sasa hahitaji kitu tena.

Mwingine ni Yulia Lipnitskaya wa Urusi, aliyeshangiliwa na ulimwengu mwaka 2014 alipokuwa na miaka 15, timu ya nchi yake ilipotwaa dhahabu. Mwaka 2017 alitibiwa ugonjwa ule unaomfanya mtu akatae chakula hata akaisha mwili, na mwaka huo huo akauacha mchezo. Alikuwa na miaka 19. Na kule Beijing mwaka 2022, Anna Shcherbakova, mwenye miaka 17, alishinda dhahabu, kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba ana furaha, lakini ndani yake anajisikia mtupu. Usiku ule mwenzake wa miaka 15, aliyekuwa katikati ya kesi ya dawa iliyokatazwa, alianguka tena na tena, akatoka uwanjani akilia. Thomas Bach, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wakati huo, alisema kwamba alisikitishwa na ubaridi aliouona kwa wale waliompokea mtoto huyo. Wapendwa, kuna ubaridi unaopita ule wa barafu.

Sasa huenda msikilizaji mmoja anasema, "Mchungaji, anayeshindwa akilia tunamwelewa. Lakini aliyeshinda analilia nini?" Hapo ndipo tunapokuja kwa Eliya.

Mnakumbuka mlima Karmeli. Eliya alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Moto ukashuka kutoka mbinguni, watu wakaanguka kifudifudi. Kisha mvua ikanyesha, baada ya ukame wa miaka. Eliya alikaza viuno, akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Katika habari zake zote hakuna siku iliyokuwa kubwa kama hiyo. Na mlango unaofuata unatuonyesha nini? Mtu huyo huyo anakimbia jangwani. Ujumbe mmoja wa malkia Yezebeli umemvunja moyo. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anakwenda peke yake mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mti wa mretemu, na kumwomba Mungu aitwae roho yake.

Ndugu zangu, Biblia haikuificha habari hii. Inatuambia kwamba mtu anaweza kufika kilele cha mlima leo, na kesho akatamani kufa. Nguvu zote alizokuwa nazo alizitumia kule juu. Watu walimwona akishinda, lakini hakuna aliyemwona akishuka. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na hakuna mzigo tunaoudhani mwepesi kama mzigo wa mshindi, kwa kuwa umefunikwa kwa dhahabu.

Basi Mungu alimfanyia nini Eliya? Tusikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo letu. Hakumkemea. Hakumwambia, "Jana ulileta moto, leo unalia kama mtoto?" Hakumwuliza atashinda lini tena. Alimwacha alale. Kisha malaika alimgusa, na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Usingizi, mkono unaogusa kwa upole, mkate na maji ndivyo Mungu alivyoanza navyo. Maneno yalikuja baadaye, kule Horebu.

Sasa tukiri kosa letu. Katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutunza, binti mmoja alikuwa wa kwanza katika wilaya nzima kwa mtihani wa taifa. Jumapili iliyofuata tulimwita mbele ya kanisa. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakachanga karo. Nasi tuliokuwa kwenye mimbari tukaweka mkono juu ya kichwa chake, tukasema kwa sauti kubwa, "Binti, usituangushe." Tulidhani tumembariki.

Muhula ulipokwisha, mama yake alikuja kwetu jioni, akaketi bila kuvua kitambaa cha kichwa. Alisema mtoto halali. Amekuwa wa nne katika darasa lake jipya, na tangu siku hiyo hataki kuja kanisani. Ameuliza, "Mama, nitapitaje mbele ya watu wale?" Tulinyamaza. Tulikuwa tumemwekea mtoto wa miaka 14 kanisa zima mabegani, tukaliita jambo hilo baraka. Tulikwenda nyumbani kwao kesho yake, tukamwomba radhi. Hakusema neno. Alituletea chai, akaketi karibu na mama yake. Ilichukua miezi kabla hajarudi kanisani, na aliporudi aliketi nyuma, karibu na mlango. Hatukumwita mbele tena.

Wasikilizaji wapendwa, usituangushe ni neno dogo. Tunamwambia mwanafunzi, tunamwambia kijana mkimbiaji aliyerudi na kikombe, tunamwambia mtoto wa kwanza aliyepata kazi mjini. Maana yake ni kwamba sisi tumesimama juu yako, wewe usitikisike. Lakini hata wale wanaoteleza juu ya barafu, mabingwa wa dunia, huanguka kila siku katika mazoezi. Mtoto asiye na ruhusa ya kuanguka hana mahali pa kujifunzia.

Bwana wetu Yesu alipotoka majini katika mto Yordani, sauti ya Baba ilitoka mbinguni ikimwita Mwana mpendwa, ambaye Baba anapendezwa naye. Hiyo ilikuwa siku gani? Alikuwa hajamponya kipofu hata mmoja. Alikuwa hajawalisha watu 5,000. Alikuwa hajashinda jangwani wala msalabani. Upendo wa Baba ulitangulia kazi, haukungojea ushindi. Na ndivyo tulivyopendwa sisi katika Kristo, tulipokuwa tungali wenye dhambi, hatuna nishani yoyote mkononi. Ikiwa ndivyo Mungu alivyotutendea, tutawezaje kuwapenda watoto wetu kwa kupima alama zao?

Hata ulimwengu umeanza kuliona jambo hili. Mwezi wa Juni 2022, chama cha kimataifa cha mchezo huo kilipiga kura, 100 dhidi ya 16, kuinua umri wa kushindana na watu wazima kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua. Yuko pia Alysa Liu wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa nchi yake mwaka 2019 akiwa na miaka 13. Mwaka 2022, akiwa na miaka 16, alisema imetosha, akauacha mchezo. Alitembea milimani Nepal, akaingia chuo kikuu, akaishi kama vijana wengine. Alirudi kwa hiari yake mwaka 2024, na Machi 2025 kule Boston akawa bingwa wa dunia.

Lakini hapa tujihadhari. Tusije tukasema, "Basi mpe mtoto mapumziko ili ashinde tena." Huo ni mzigo ule ule, umefungwa kwa kamba nyingine. Kama binti huyo asingalirudi kamwe kwenye barafu, thamani yake mbele za Mungu isingalipungua hata kidogo. Mungu hakumlisha Eliya ili ampeleke Karmeli mara ya pili. Alimlisha kwa sababu alikuwa na njaa. Baadaye alimpa Elisha, mtu wa kutembea naye, maana yule aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba hakupaswa kuendelea peke yake.

Basi wiki hii, je, nyumbani mwako yuko mshindi? Usimwulize habari ya mwaka ujao. Mpikie chakula anachokipenda, mwache alale, keti karibu naye. Akitaka kusema, msikilize, asipotaka, mwache. Ukiona hali, halali, au anasema maneno ya kutamani kufa, usimwite mvivu wala mwenye kukosa imani. Mpeleke hospitali, na umwite mchungaji wako pia. Na kama wewe mwenyewe ndiwe unayeketi chini ya mretemu leo, baada ya siku yako kubwa, usiogope. Yuko anayekuja kukugusa, naye hakuulizi alama zako.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemlisha mtumishi wako Eliya alipochoka, uwatazame watoto wote waliobebeshwa matumaini ya watu wazima. Utusamehe sisi tuliowatwika. Uwape usingizi, na chakula, na mtu wa kuketi nao. Utufundishe kuwapenda kama ulivyotupenda kwanza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana wetu na iwe pamoja nanyi nyote. Kwaherini.